Mchukue wa Kulia

Dubai, 11 Oktoba 2014

Kwa Shangazi Annah,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini wewe hujambo, ng'ombe hawajambo, na mahindi hayajalazwa na upepo. Mimi ni mzima kabisa. Kampuni yetu ya mizigo hapa Freezone, eneo la biashara huria, imehamia jengo jipya na sasa nina meza yangu na kiti kinachozunguka, kwa hivyo ukisikia watu wa kanisani Kitale wakisema Damaris amekuwa mkubwa Dubai, usibishe. Baba ameniambia uling'oa jino ukarudi shambani siku hiyo hiyo. Sikushangaa.

Ningekupigia wewe mwenyewe kama masikio yako yangekuwa bado yanakubali simu. Ujumbe mfupi najua hujibu, umeshasema huo ni wa kuulizia bei ya nyanya. Basi nimenunua karatasi na kalamu, na Agneta wa kwa Mzee Wafula anakuja likizo, ndiye atakayekuletea.

Sasa sikiliza habari yenyewe, kwa maana nimeishikilia tangu mwezi uliopita na inanichoma mfukoni. Tuna timu. Timu ya softboli, Shangazi, ule mchezo dada wa besiboli uliotufundisha shuleni ukiwa na filimbi shingoni. Hapa kuna ligi ya wanawake inayochezwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, kwenye uwanja wa mchanga karibu na Al Warqa. Wafilipino wana timu, Wajapani wana timu, na sisi Wakenya tumeungana na Waganda tukapata yetu. Inaitwa Ijumaa Kuu. Ummi wa Mombasa, ambaye ndiye mrushaji wetu, alilipinga jina hilo akisema yeye Mwislamu hawezi kurusha mpira kwa jina la Pasaka. Tukamwuliza kama anaijua Ijumaa iliyo kuu kuliko hii ambayo mtu analala mpaka saa tatu asubuhi. Akacheka, akavaa jezi. Nahodha ni mimi, na kocha ni Yekoniya, Mganda anayeendesha forklifti kwenye ghala letu.

Majina ya timu yanapelekwa mwisho wa mwaka. Nafasi imebaki moja, nayo ni ya nyuma, kule mbali wanakosimama wadakaji wa mipira mirefu. Wanaoitaka ni wawili.

Wa kwanza ni Rosette kutoka Mbale, mlinzi kwenye duka kubwa la hapa mjini. Wa pili unamjua, kwa kuwa ulimzaa. Ulisema tangu alipoacha chuo cha ualimu muhula wa mwisho na kupanda ndege bila kukuaga, jina lake lisiingie tena nyumbani kwako, hata kwenye bahasha. Sitaliandika. Nitamwita Yule. Anafanya kazi ya kulea watoto kwenye villa huko Al Warqa, na anaitaka nafasi hii kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nikimchukua Yule, Waganda watasema ni undugu, nao ni nusu ya timu. Nikimwacha, nitakuwa nimemwacha kwa kuogopa maneno. Yekoniya anamtaka Rosette na hafichi. Basi tumekubaliana achague mtu wa nje anayeujua mchezo, nami nikawaambia nina shangazi ambaye wasichana wake walifika mashindano ya taifa. Yekoniya akauliza, "Huyo mama atachagua watu asiowaona?" Nikamjibu kwamba huyo mama aliwahi kumjua mwizi wa mkate wa bwenini kwa kumwangalia anavyokimbia.

Chagua, Shangazi. Nakungoja kama mgonjwa anavyongoja majibu.

Mtoto wako,
Damaris


Kitale, 2 Novemba 2014

Damaris,

Salamu zako zimefika. Sisi tuko salama. Mahindi tumeanza kuvuna, na mvua inatuchungulia kila jioni ikitaka kutuharibia kazi. Meno niliyong'oa ni mawili, baba yako hajui kuhesabu. Hicho kiti chako kisikuzungushe kichwa. Na mwandiko wako umeharibika, herufi zimelala kama watu waliokunywa.

Nakuona unavyofurahia hiyo timu. Hata mimi, nitakuwa mwongo nikisema sikuisoma barua nikiwa nimesimama, na uji ukafurika jikoni. Lakini huyo kocha wako anayeshangaa mtu kuchagua bila kuona, hajafundishwa kuuliza. Mimi nitauliza, na wewe utajibu.

Mpira ukigongwa, kila mmoja anaanza kukimbia lini? Kabla anaangalia nini? Mpira ukipita juu ya kichwa, anarudi kinyumenyume kama mtu aliyeona nyoka, au anageuza bega akakimbia? Akishaudaka, anautupa wapi, na unafika? Na swali ambalo makocha wengi huliona la kipuuzi: akiangusha mpira, uso wake unafanya nini?

Nijibu juu ya wote wawili sawa kwa sawa, kama wageni. Kuhusu huyo wa pili sina zaidi, na usiniongezee habari nisiyoiuliza.

Uliandika kwamba mapumziko yenu ni Ijumaa. Jumapili mnasali saa ngapi? Na hizo villa za Al Warqa, ni nyumba za namna gani? Mfanyakazi hulala wapi? Nauliza ili nipate kujua uwanja ulivyo.

Shangazi yako,
Mwl. Annah


Dubai, 22 Novemba 2014

Kwa Shangazi mpendwa,

Natumaini mvuno umeingia ghalani na mvua imeaibika. Joto huku limekatika, jioni mtu anaweza hata kuvaa sweta, na Wakenya wote ghafla ni watu wenye furaha. Tunasali Ijumaa asubuhi kwa sababu Jumapili tuko kazini. Mchungaji anasema Mungu ameshazoea ratiba ya hapa.

Umeuliza habari ya villa ili uujue uwanja. Uwanja hauko ndani ya villa, Shangazi, lakini nitakujibu kwa sababu nakupenda. Ni nyumba ya ghorofa moja, ukuta mweupe, na chumba cha mfanyakazi kiko nyuma kando ya jikoni. Kina dirisha, kina kitanda kizuri na kiyoyozi. Madam ni mtu wa Jordan, ana kelele lakini hana roho mbaya. Watoto ni wawili, bado wadogo, na Yule anawabembeleza kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo hali ya uwanja.

Sasa majibu. Ijumaa ya wiki iliyopita tulicheza na Wajapani mechi ya kujipima nguvu, nikawaweka wote wawili nyuma ili niwaandikie vizuri, Rosette upande wa kulia, Yule upande wa kushoto. Sijawahi kutazama mchezo kwa macho makali namna hiyo. Mpaka Ummi akaniuliza kama nimewekeza pesa.

Rosette ni mrefu, na hatua yake moja ni mbili zangu. Anaanza kukimbia akiwa ameshauona mpira uko angani, yaani anachelewa, halafu anaukuta kwa sababu ya miguu. Mpira ukimpita juu anarudi kinyumenyume, na mara moja alijikwaa akakaa. Lakini mkono wake, Shangazi, nimekosa maneno. Mjapani mmoja alidhani ameshafika besi ya tatu, kile kituo cha kukimbilia, akapunguza mwendo na kuanza kujifuta jasho, mara mpira huo umemtangulia, haujagusa hata chini. Yekoniya alipiga makofi mpaka kofia ikamtoka. Mpira ukimponyoka Rosette, anacheka, anawapungia mkono Waganda wenzake, na baada ya dakika ameshasahau.

Yule ni mwepesi na mdogo, unamjua. Anaanza kukimbia kabla mlio wa gongo haujanifikia mimi. Nilimwuliza anaangalia nini, akasema bega la mpigaji. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuangalia bega, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mpira ukimpita anageuza bega na kukimbia, hatazami nyuma mpaka amefika. Mkono wake ni dhaifu. Hata mpira wake ukitupwa kwa nguvu zote unaanguka katikati ya njia, kwa hivyo anampa aliye karibu, na humpa anayestahili.

Mwisho wa mechi jua la jioni lilimwingia machoni, akaangusha mpira ambao hata baba angeudaka, na tukafungwa kwa huo. Alikaa chini pale pale akalia mbele ya watu, si kilio cha kujificha. Wajapani walifikiri amevunjika. Siku iliyofuata, jioni, mlinzi wa jirani akamlalamikia madam kwamba msichana wake anagongesha mpira kwenye ukuta na hataki kuacha.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami nitaliandika, ukasirike tu. Anajua kwamba wewe ndiye utakayechagua. Nilidhani atakataa. Akasema, "Acha achague. Akisema Rosette, mimi nitabeba maji." Halafu akaniuliza kama utaandika kwa mkono wako au utamwambia baba aandike. Tangu aondoke Kenya hajapata neno lako hata moja, Shangazi. Hili litakuwa la kwanza, liwe zuri au baya.

Mtoto wako,
Damaris


Kitale, 14 Desemba 2014

Damaris,

Sisi ni wazima. Mvuno umeingia. Mjomba Lawrence anaoa mwezi ujao, na kamati ya harusi imenifanya mwenyekiti kwa sababu siwezi kuwasikia wakibishana. Naandika kwa haraka. Agneta anarudi huko kesho na amesimama mlangoni na begi lake, anajifanya hana haraka.

Majibu yako yalikuwa mazuri. Nimeyasoma mara nyingi kuliko ulivyostahili. Rosette ana mkono, na mkono wa namna hiyo mtu huzaliwa nao. Mwingine ana jicho. Timu ikipata vyote viwili, hapo kocha analala usingizi. Lakini nafasi umesema ni moja, na mimi sitaki kukwepa.

Uamuzi wangu ni huu: mchukue wa kulia. Sababu ninazo, na wewe ukiwa ulinisikiliza shuleni unazijua. Usiniulize tena jambo hili.

Nimemfungia Agneta karanga za kukaanga, pakiti mbili. Moja ni yako. Nyingine utaona mwenyewe pa kuipeleka.

Krismasi njema.

Shangazi yako,
Mwl. Annah


Dubai, 10 Januari 2015

Kwa Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini harusi ya Mjomba Lawrence inaenda vizuri na mwenyekiti hajamfukuza mtu. Krismasi tulikula pilau kwa Ummi, ndiyo, kwa Ummi, alisema mwaka huu ametuhurumia.

Ligi imeanza na tumeshinda. Rosette tumemwandikisha, wa kulia, kama ulivyosema, na siku ya kwanza tu aliwatoa wakimbiaji wawili wa timu ya pili ya Wafilipino kwa mipira aliyoitupa kutoka mwisho wa uwanja. Watu waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama kutazama. Waganda walimbeba juu. Yekoniya amesema nikuandikie kwamba sasa anakuheshimu sana, kwa kuwa umemwacha wa nyumbani ukamchukua mgeni, na yeye mwenyewe asingeweza.

Yule nilikwenda kumwambia. Barua sikuichukua, nilimwambia kwa mdomo pale getini, kwamba umesema Rosette. Akasema, "Khalas," yaani basi. Akaingia ndani, akatoka na glavu, akanirudishia. Karanga hakuzichukua. Nilikuwa na kitambaa tayari mkononi kwa sababu namjua, lakini hakulia, Shangazi. Alisema usiku mwema akafunga geti. Tangu siku hiyo hajaja uwanjani, na maji tunabeba wenyewe.

Najua hukutaka habari usiyoiuliza. Uamuzi wako ulikuwa wa haki na kila mtu anasema hivyo. Ila mimi sijala zile karanga, nimeshindwa.

Mtoto wako,
Damaris


Kitale, 25 Januari 2015

Damaris,

Leo sikusalimii.

Mimi nilikuuliza nini? Nilikuuliza akiangusha mpira uso wake unafanya nini. Ukanijibu kwamba mmoja anacheka na mwingine analia. Nami nikakuandikia, mchukue wa kulia. Wa kulia, Damaris. Mtu wa machozi. Nani alikuuliza habari za pande za uwanja? Ningetaka kusema upande ningeandika upande. Mkono wa kulia ni wa kulia ugali, na wewe nadhani huo ugali ulikula ukakuingia kichwani.

Miaka yote niliyofundisha, niliwachukua wanaolia. Ulikuwepo, uliniona. Anayecheka akiangusha mpira si mtu mbaya, na huyo Rosette ningempenda. Lakini anayelia utamkuta kesho ukutani anagongesha mpira mpaka walinzi wachukie. Uliniandikia hivyo wewe mwenyewe kwa mkono wako, halafu hukuona.

Na huyo Yekoniya mwambie asiniheshimu kwa jambo ambalo sikulifanya.

Nimeikasirikia barua yako tangu asubuhi. Baba yako nilipomwonyesha alicheka mpaka nikamtoa jikoni. Akiwa nje akaniambia kwa kupaza sauti, hata mimi nikasikia, kwamba kama ningeandika jina, hakuna mtu hapa duniani ambaye angekosea. Nimemwaza baba yako siku nzima, na si mtu ninayependa kumwaza.

Basi naandika. Judy. Nilimchagua Judy.

Mpelekee karatasi hii aisome kwa macho yake, wewe usifungue mdomo. Nimemchagua kama mchezaji. Mengine sijayasema, na usiyaseme kwa niaba yangu.

Nimeituma kwa njia ya haraka. Karani wa posta aliniuliza kama kuna mgonjwa.

Mwl. Annah


Dubai, 7 Machi 2015

Kwa Shangazi mpendwa,

Nakusalimu hata kama wewe hukunisalimu. Natumaini mvua za kupanda zimekaribia. Fainali ilikuwa jana na sijalala. Lakini nitaanza mwanzo, usiruke.

Barua yako iliponifikia kazini nilichukua teksi mpaka Al Warqa, mimi ambaye hata nikiwa na homa napanda basi. Judy alitoka kutupa takataka akanikuta getini. Nilinyoosha karatasi na sikufungua mdomo, kama ulivyoagiza. Aliisoma akiwa amesimama, ule mfuko wa takataka bado mkononi. Pale penye ugali alicheka kidogo. Alipofika kwenye jina lake aliuweka mfuko chini. Halafu akalia, Shangazi, akalia kama ulivyotaka mtu wa kulia awe, mpaka madam akatoka mbio na viatu vya ndani akiuliza ni nani aliyekufa.

"Hakuna, madam," Judy akasema. "Nimechaguliwa."

Madam hakuelewa kitu, akaleta boksi la tishu na kuniamuru niingie nikanywe chai.

Ijumaa iliyofuata niliisoma barua mbele ya timu nzima. Ummi alikaa mchangani akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akasema, "Shangazi yako kasema sawasawa, Kiswahili chake hakina dosari. Kosa ni lenu watu wa bara, lugha mnaichukua kwa mkopo." Yekoniya, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia nyama, alielezwa mara kadhaa. Mwishowe akauliza, "Sasa kwa lugha yenu mkono pia unalia?" Tukamwambia ndiyo, akubali tu.

Orodha ilikuwa imefungwa, ila kanuni zinaruhusu kubadilisha jina moja kabla ya nusu fainali. Rosette alisema yuko tayari kutoka. Nikakataa, na nikafuta jina langu. Usinisifu. Goti langu lilikuwa linauma tangu Desemba na nilikuwa nalificha, kwa hivyo goti ndilo lililonisaidia kuwa mwema. Nimebaki nahodha wa kukaa benchi na kupiga kelele, kazi ambayo nimegundua naiweza sana.

Nusu fainali tuliwapita Wajapani. Jana tukakutana na Wafilipino, timu yao ya kwanza, ambao kombe hilo wamelizoea kama sufuria yao ya nyumbani. Walikuja na ngoma. Ummi alirusha kama mtu aliyetukanwa, mpaka mwisho tukawa tunaongoza kwa pointi moja, na wao wamebakiza wachezaji wawili wa kutolewa. Mkimbiaji wao amesimama besi ya tatu. Akifika nyumbani, kwenye kile kibao cha mpigaji, tumelingana, na nyuma yake kuna wapigaji wakali. Mimi kwenye benchi nilikuwa nimemshika Yekoniya mkono nikidhani ni mti wa benchi.

Mpigaji wao akaugonga. Shangazi, ule mlio niliujua kwamba ni mbaya kwetu. Mpira ukapanda na kwenda katikati kabisa, nyuma, pale ambapo si pa Rosette wala si pa Judy. Wote wawili wakaufuata. Rosette kwa zile hatua zake, macho yote juu, hamwoni mtu. Judy alikuwa ameshaondoka zamani, bega limegeuka. Niliona wanavyokwenda kugongana nikafumba jicho moja.

Ndipo Judy akaita. "Wangu." Aliita ile sauti yako ya kufukuza kuku kwenye mahindi, ndefu, mpaka ngoma zikanyamaza. Rosette akasimama papo hapo akainama, na Judy akaudaka juu ya kichwa cha mwenzake.

Hapo mpigaji ametoka, lakini yule wa besi ya tatu akachomoka kwenda nyumbani, na wewe unaujua mkono wa Judy, hauwezi kufika huko hata akipewa nauli. Hakujaribu. Aliugeuza mpira akaupachika kwenye glavu ya Rosette aliyekuwa bado ameinama, akamwambia, "Yalla, Rosette, haraka!" Rosette akainuka nao akautupa. Ulipita juu ya Ummi, ukapita juu ya kila mtu, ukaingia kwenye glavu ya mdakaji wetu pale kwenye kibao, na yule Mfilipino akaja kuteleza kwenye mchanga akakuta amengojwa. Refa akanyanyua ngumi. Khalas, kombe.

Sikumbuki nilivyofika uwanjani na goti langu. Nakumbuka Rosette amembeba Judy mgongoni na wote wanalia, hata Rosette, ambaye alikuwa anashangaa machozi yake mwenyewe. Wafilipino walitupigia ngoma. Yekoniya anasema sasa anakuheshimu kwa sababu nyingine.

Baadaye, tukiwa tunakusanya magongo, Judy aliniuliza jambo na kunisihi nisikuandikie. Naliandika. Alisema, "Mama ameandika kwamba amemchagua mchezaji. Ukimchagua mchezaji, umemchagua na mtu, au mtu bado?" Jana usiku alikaa na karatasi akaandika mistari miwili kwako, akaichana. Leo amerudi kwa madam na medali imo ndani ya nguo, hataki kuivua.

Mtoto wako,
Damaris


Kitale, 22 Machi 2015

Damaris,

Hamjambo wote. Sisi tuko salama, mvua imeanza na tunapanda tangu juzi. Baba yako anawaambia watu kwenye foleni ya kinu cha posho kwamba softboli alikufundisha yeye. Goti lipeleke hospitali, na jina lako ulilolifuta nimeliona. Rosette mwambie Mbale si mbali na hapa, akija likizo apitie kwangu, nataka kuuona huo mkono. Barua yako nimeisoma shambani, na jembe nilikuwa nimelishika wakati mpira uko juu, nikajikuta nimelitupa kwenye mitaro ya jirani.

Swali la Judy nimelisoma.

Mwambie hivi. Mpira ukipanda, mwenye kuutaka huita mapema, wengine wakampisha. Asipoita, unaanguka katikati, na kila mtu anamtazama mwenzake. Huu wangu uliruka na ndege na mimi nilisimama nimefunga mdomo kwa hasira, nikisema kila siku kwamba kesho, na siku zikawa miaka. Nilimkosa sana. Nilimkosa nikila na nikilala, na huko kuuliza habari za villa hakukuwa kwa ajili ya uwanja, nawe ulijua.

Mwambie nimechelewa kuita, lakini nimeita, na kwa sauti ile ile. Wangu.

Mama Judy